Usikalie hicho kiti kabla hujajua nani amekilipia (mimi kilinila friza)

Mdogo wangu, usisaini. Hata kama umeshaahidi, hata kama koti umeshaliazima, usisaini. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: kijana wa Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, ameleta maswali manne. Anaandika siasa kila usiku, ni mwenzetu wa "serikali ituache tupumue", na marafiki zake wa kundi la WhatsApp, ambao hajawahi kuwatia machoni, wanamwona ni kichwa. Mmoja wao, "aliyeko Kanada", amempatia kiti cha bure kwenye mjadala wa Jumapili wa televisheni moja ya mjini. Akifanya vizuri atasaini kipindi cha miezi mitatu kwa jina lake, na "ndugu wa nje" watalipa. Anauliza avae nini, atumie jina la kweli au la kubuni, anunue king'amuzi gani cha kufuatia habari, na amjibu vipi mjomba wake mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, anayesema bila serikali watu wangekulana.

Nilisoma, nikaiweka simu juu ya meza, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikasoma tena. Hukuuliza kama usaini au usisaini. Mimi nitajibu hilo. Mengine tutaona kama nguvu zitabaki.

Kanuni ni moja na nimeilipia dola 720: kabla hujakalia kiti, uliza nani amekilipia. Kiti cha televisheni, kiti cha bunge, hata kiti cha plastiki matangani. Kuna mtu alitoa pesa, na huyo mtu hakuzitoa kwa sababu anapenda kuona watu wamekaa.

Sasa friza.

Mwaka 2018 nilikuwa na depo ndogo Katuba: friza moja kubwa ya mfuniko wa juu, mizani, na jenereta tuliyoshirikiana na jirani kwa ajili ya usiku wa giza. Nauza samaki wa barafu. Samaki anavuliwa Namibia, anapanda lori, anavuka Zambia, anaingia kwetu Kasumbalesa. Kutoka mpakani mpaka hapa ni kilomita 90 hivi, na ndani ya hizo 90 nilikuwa nalipa watu wengi kuliko waliomvua. Ukifanya kazi hiyo miaka mitano huhitaji mwalimu wa kukufundisha kuichoka serikali. Nikaanza kuandika usiku baada ya kufunga hesabu, kwa hasira ya risiti tu.

Watu wakanifuata. Wao ndio walionifundisha kwamba hasira yangu ina jina la kisomi, kwamba mimi ni libertariani, yaani mtu anayetaka serikali ipungue. Nililipenda sana. Asubuhi muuza samaki mwenye harufu yake, usiku libertariani. Na kusema kweli, sisi Wakongo tumezaliwa hivyo. Ule utani wetu wa Kifungu cha 15, "jitafutie", haumo kwenye katiba yoyote tunayoitumia, lakini ndiyo sheria pekee inayotekelezwa nchi nzima bila polisi. Tunanunua na kuuza kwa dola za Marekani bila mtu kutulazimisha, kisha tunazikataa zikiwa na mpasuko mdogo kuliko ukucha. Mama muuza sombe (kisamvu) wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, ni mkali kwa noti kuliko benki kuu yoyote duniani.

Basi tukawa kundi, watu arobaini hivi. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kinshasa, wawili Nairobi, mmoja Ubelgiji. Ikifika saa mbili usiku kila mtu anawasha televisheni kwake, tunaangalia habari pamoja bila kuwa pamoja, na kazi yetu ni kucheka. Waziri akikata utepe tunahesabu waliosimama nyuma yake. Daraja likizinduliwa tunauliza ni mara ya ngapi. Sijawahi kuwa na marafiki wazuri kama wale, na nasema hivyo nikijua walichonifanyia.

Ninyi vijana hamkuyaona, lakini enzi za Mobutu habari zilianza na kichwa chake kikishuka kutoka mawinguni. Nilikuwa mtoto. Niliamini ndiye Mungu, nikashangaa tu kwa nini Mungu anavaa kofia ya chui. Tarehe 24 Aprili 1990 akatangaza mwisho wa chama kimoja, baadaye vituo vya watu binafsi vikachipuka kila mji, na sisi tukadhani mawingu yameondoka. Hayakuondoka, mdogo wangu. Siku hizi yanakodishwa kwa saa.

Huyo wa Ubelgiji tulimwita Mbelgiji wetu. Namba yake ilianza na +32, Kifaransa chake kilinyooka kama reli, na alisoma kila nilichoandika mpaka nukta. Alikuwa anatuma sauti ndefu, dakika saba, nane, kuhusu uhuru wa mtu na ubaya wa ushuru. Mama watoto alikuwa anazisikia akiwa kwenye tamthilia yake ya Kimeksiko. Siku moja akasema bila kugeuza kichwa: "Huyu mutu wako anaongea sawa ule bwana wa mu filme anasema iko safarini, kumbe iko ku jirani." Nilimjibu kwamba yeye haelewi siasa.

Siku nyingine, kwenye sauti ya Mbelgiji, nyuma yake nikasikia mtu anaita: "Makala! Makalaaa!" Muuza mkaa kabisa, kwa mdundo wa Katuba. Nikamuuliza. Akacheka, akasema yuko Matonge, ile mitaa ya Wakongo kule Brussels. Nikaona ni sawa! Nikaona kabisa mtu anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa katikati ya Brussels. Cheka. Mimi mwenyewe sasa nacheka, nimeshamaliza kulipa.

Mwezi wa kumi akaniambia amenipatia kiti. Mjadala wa Jumapili, mchambuzi wa kujitegemea, bure. Ona vizuri hilo neno bure. Mtu aliyekuwa anaandika kila wiki kwamba elimu ya bure inalipwa na mtu, umeme wa bure unalipwa na mtu, barabara ya bure inalipwa na mtu, aliposikia "bure" akaenda kunyoa nywele.

Lupango letu lote, ua mzima, lilijua. Mama buko wangu, ambaye tangu nimuoe binti yake alikuwa hajapata kitu cha kunisifia, alitoa pesa ya petroli ya jenereta ili giza lisije likamnyima mkwe wake. Watoto wa majirani walipanda ukutani. Mke wangu alikaanga kapenta, dagaa wetu, kwa watu ishirini.

Mlangoni pa kituo nikapewa bahasha ya "transporti", dola 20. Sisi wote hapa tunajua kupaji: mwanahabari anakula kutoka kwa yule anayemwandika, kwa sababu mshahara wake ni hadithi. Siwatupii mawe, wana watoto. Lakini hii bahasha ilikuwa inakuja kwangu mimi mgeni, na ningejiuliza inatoka wapi. Nilichojiuliza ni kwa nini ile noti ina kona iliyopasuka. Hakuna aliyeipokea mpaka leo, iko ndani ya Biblia.

Nyuma ya viti kulikuwa na bango la kijani lenye maneno ya matumaini na hakuna jina. Mbele, pembeni ya kamera, alikaa bwana mmoja wa tai nyekundu akitikisa kichwa kila ninapoongea. Nilidhani nimempata msomaji. Nikasema ile sentensi yangu nzuri: "Samaki mmoja analipa mara ngapi kabla hajafika kwenye sufuria?" Mtangazaji akadaka: "Swali zuri sana, ndiyo maana jimbo linahitaji sauti mpya." Yule wa tai akatikisa kichwa mpaka tai ikahama.

Kampeni rasmi ya uchaguzi ilikuwa haijafunguliwa, ilifunguliwa tarehe 22 Novemba. Kabla ya hapo mgombea haruhusiwi kujinadi. Kwa hiyo hajinadi. Analipia "mjadala", anaweka watu wanaolalamika kwa ufasaha, yeye anakaa pembeni kama jibu. Mimi nilidhani nchi imeanza kupenda mawazo.

Nilienda Jumapili nne. Mitaani watu wananiita: "Yaya (kaka), njo weye ule wa samaki?" Utamu wake usikudanganye, ni mtamu kweli kweli, ndiyo maana nakuandikia kwa nguvu hivi. Ukishaitwa na mtu usiyemjua barabarani, akili ya kuuliza maswali inalala usingizi wa mchana.

Hapo ndipo Mbelgiji wetu akaleta kile ulicholetewa wewe. Tuwe na kipindi chetu. Vipindi 12, dola 80 kila kimoja, jumla 960. Kwenye karatasi panahitajika mtu mmoja aliyepo mjini, mtayarishaji. "Ndugu wa nje tutalipa, wewe weka jina tu." Weka jina tu! Jina ndilo kila kitu, mdogo wangu. Pesa inaweza kutoka popote, lakini deni linatafuta jina.

Nikasaini katikati ya Novemba. Siku ileile zikaja dola 240 za vipindi vitatu vya kwanza. Zililetwa na kijana wa pikipiki, taslimu, noti mpya hazina hata kunyanzi. Pesa ya Ubelgiji imekuja kwa pikipiki, na mimi nikamnunulia kijana soda.

Mkataba niliusoma. Wengi humu watasema hukusoma, nilisoma. Kifungu cha mwisho kilisema kipindi kisiporuka hewani kwa sababu isiyotoka kwa kituo, malipo yanabaki palepale. Nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa na uhakika kila kipindi kitaruka. Nani angekizuia? Katiba ya 2006, kifungu cha 23, uhuru wa kusema, nilikuwa nakijua kwa moyo.

Tarehe 22 Novemba kampeni ikafunguliwa, na usiku ule mama watoto akaniita sebuleni. Kwenye tangazo kati ya sehemu mbili za tamthilia niko mimi, mdomo wazi kama sangala: "...mara ngapi kabla hajafika kwenye sufuria?" Kisha sauti nzito: "Jibu lipo!" Na picha ya bwana wa tai nyekundu, na namba yake ya kwenye mashine ya kupigia kura. Walilirusha mara tatu kwa usiku mpaka mwisho wa kampeni. Mimi, niliyeandika miaka miwili kwamba tuwapunguze wanaotula, ndiye niliyekuwa sahani ya kumpakulia mmoja zaidi.

Kujitoa nisingeweza, mkataba una jina langu. Kipindi "changu" kikaendelea, wageni wanachaguliwa na Mbelgiji, wote wanatoka meza moja. Kila Jumapili namfungulia mtu mlango wa hoja, anaingia, ananishukuru, anamsifu wa tai. Nilijaribu kipindi cha nne kuuliza mheshimiwa atapunguza ushuru gani hasa, kwa jina na kwa tarakimu. Taa ya kamera ikazima, tukaenda kwenye muziki.

Tarehe 30 Desemba tukapiga kura. Niliingia nikamkuta pale kwenye kioo cha mashine, tai ileile. Walikuwa wagombea zaidi ya 15,000 kwa viti 500 vya Bunge, na wetu akaingia katika lile kundi kubwa la wasioingia.

Kesho yake, tarehe 31, serikali ikakata intaneti nchi nzima. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Nitakuambia kitu ambacho libertariani hapaswi kukisema: zile siku zilikuwa hisani. Serikali ilinipa siku 20 za kuamini kwamba bado nina rafiki. Nilikuwa namwambia mke wangu, maskini Mbelgiji wetu, atakuwa ananitafuta huko na baridi ile, pesa yuko nayo mkononi hajui aipitishe wapi.

Intaneti iliporudi, picha yake ilikuwa imekuwa kile kichwa cha kijivu kisicho na uso. Ametoka kundini. Sauti zake zote bado zipo, dakika saba saba, kuhusu uaminifu kati ya watu huru.

Kituo kikaleta barua. Vipindi vilivyoruka ni sita, vilivyolipwa ni vitatu, vilivyobaki mtayarishaji hakuleta wageni, kwa hiyo kwa kifungu kile cha mwisho zinadaiwa dola 720. Nikaenda kubishana. Mhasibu, mama mmoja mstaarabu, akafungua daftari anionyeshe kwamba wao hawamwonei mtu, na kidole chake kikapita juu ya mstari wa mwezi wa kumi: "Mchambuzi 1, dola 100." Nikamwomba arudishe kidole. Mchambuzi mmoja ni mimi. Kiti changu cha bure kilikuwa kimelipiwa dola 100 kila Jumapili, mimi nikapewa 20 iliyopasuka. Na safu ya mlipaji ina jina nisilolijua pamoja na anwani. Mtaa wa Golf. Golf ya hapa! Kutoka kwangu ni safari ya teksi moja na mguu kidogo.

Kumbe huyo mlipaji ndiye Mbelgiji wetu, na alikuwa mtu wa mawasiliano wa yule wa tai. Ile namba ya +32 ilikuwa laini ya shemeji yake, nilikuja kujua baadaye. Ukishaithibitisha mara moja kwenye WhatsApp unaweka laini nyingine yoyote ndani ya simu na unabaki Mbelgiji mpaka kufa. Alitukusanya sisi wasema ovyo wa bure, akasikiliza mwaka mzima nani ana mdomo mzuri, akachagua samaki wake. Miezi ile yote anatumia maneno yangu mwenyewe kunisifia! Na mimi nilikuwa nayahifadhi! Mwizi wa mfukoni ana heshima kuliko huyu, angalau yeye haombi umfundishe unavyoweka pesa.

Wenzangu wa mtaani wakasema kataa kulipa, wakushtaki. Ndiyo, ningekataa. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa, mara zisizohesabika, kwamba mkataba kati ya watu wazima ni mzito kuliko bendera. Kuna watu walikuwa wamehifadhi picha za maandishi hayo. Unaona nilivyobanwa? Hakuna aliyenifunga kamba, niliisokota mwenyewe jioni baada ya jioni nikiwa na chai.

Kisha nikafanya lile la aibu zaidi. Nikaikimbilia serikali. Nikaenda ofisi moja nikamshtaki yule mtu kwa utapeli. Wakaniambia karatasi ya kuandikia malalamiko unakuja nayo. Nikarudi na karatasi. Wakasema na ya kumtafutia mshtakiwa usafiri. Nikahesabu, nikaona haki itanigharimu friza ya pili, na ya kwanza ilikuwa bado haijauzwa.

Niliiuza kwa dola 450. Likelemba ya wauza samaki, upatu wetu, wakanipa zamu yangu mapema, 150. Sabini zilitoka kwenye mfuko wa ada ya shule, na hapo mama watoto hakusema neno, akaongeza tu sauti ya televisheni. Zikabaki 50.

Nikaandika kundini. Watu arobaini, sasa thelathini na tisa. Wale waliokuwa wananiandikia "simba wa uhuru" na alama za moto walisoma wote, niliona alama za bluu zikijipanga. Kimya. Nilikuwa nimewafundisha vizuri kwamba hakuna anayelazimika kubeba mzigo wa mwenzake. Wanafunzi hodari mno.

Aliyejibu ni dada mmoja wa Kolwezi, mwalimu wa shule ya msingi, tuliyekuwa tunamwita Waziri kwa sababu kila tatizo alitaka liundiwe wizara. Alinipinga miaka miwili, kila usiku, kwa tarakimu. Nilishawahi kumwambia aolewe na hazina ya taifa. Akatuma dola 50 kwa simu na maneno haya: "Huu si msaada wa serikali, usiuzoee." Bado tunagombana mpaka leo. Mwaka 2020 walipoanza kutukata ule ushuru wa RAM kwenye simu, dola 7 kwa mwaka kwa mwenye 3G au 4G, ukatwe kwenye salio bila kuulizwa, yeye mpenda serikali ndiye alikuwa mkali kuliko mimi. Ulipofutwa mwaka 2022 akaandika kwamba sasa aelezwe zile zilizokatwa zilikalia kiti gani. Nikamwambia hiyo ni lugha yangu, akasema anaikodisha.

Friza aliinunua jamaa wa mtaa wa pili, anauza maji baridi na barafu. Nikipita asubuhi naisikia inanguruma. Naijua sauti yake, ina kikohozi kidogo kabla ya kushika baridi. Mimi siku hizi nauza samaki mkavu. Samaki mkavu hahitaji umeme wala jenereta wala rafiki.

Na Mbelgiji wetu nimeshakutana naye. Mwaka 2021, kwenye foleni ya mkate. Sura sikuijua, ila aliposema "bonjour, mama" kwa muuzaji, mgongo wangu ulisimama nywele. Mwaka mzima wa sauti, mdogo wangu, niliijua kabla hajageuka. Akageuka, akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyemwona mwalimu wake wa zamani: "Yaya, unaandikaka bado?" Nilikuwa nimetayarisha hotuba miaka miwili. Nikajibu: "Ee, bado." Akachukua mikate yake akaenda. Hilo "ee, bado" linaniuma kuliko zile 720.

Turudi kwako. Ulisema jina la kweli au la kubuni. Kwenye mkataba hakuna la kubuni, na ukiwa mtayarishaji maneno ya kila mgeni yanalala mlangoni kwako. Siku zangu hatukuwa na Kanuni ya Kidijitali. Wewe unayo tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kusambaza habari za uongo mtandaoni kuna adhabu. Mgeni aliyechaguliwa na "Kanada" akiropoka, kipande kikapandishwa kwenye ukurasa wenye jina lako, "Kanada" hataitwa.

Mjomba wako usimjibu. Nilimjibu baba yangu, naye alikuwa mtu wa madini, na najuta. Kwa wazee hao, tangu Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ya 1906 mpaka ilipotaifishwa 1967 na kuja kuwa Gécamines, kazi ilikuwa ndiyo baba ndiyo mama: posho ya unga, shule, hospitali. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, wakaondoka zaidi ya 10,000. Unamwambiaje mtu huyo kwamba serikali ikipungua atapumua? Kwake ilishapungua, akaona. Ukitaka mzungumze, muulize kuhusu tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa, jina letu enzi hizo. Kila mzee wa mji huu anakumbuka duka moja lililopewa mtu mwenye undugu na mtu, na anakumbuka rafu zake zilivyokuwa baada ya mwaka. Watu walikalia viti ambavyo mwingine alikuwa amevilipia. Hapo mtaelewana kwa dakika kumi, kisha mtagombana tena, ni sawa.

Lakini hatari yako ni hiyo saini, si mjomba. Sikwambii uache kuandika, wala sikwambii usiende televisheni kabisa. Nenda kwa kiti ulichokilipia mwenyewe, au uonyeshwe daftari. Mwambie mhasibu wa kituo akuoneshe mstari wa Jumapili yako. Akikataa kukuonyesha, amekuonyesha.

Na leo hii, kabla hujalala, fanya jambo dogo. Mwombe huyo ndugu yako wa Kanada akupigie video saa moja jioni, akiwa amesimama dirishani. Hapa giza litakuwa limeshaingia, lakini Montreal bado ni mchana kweupe. Angalia anga nyuma yake. Kisha nyamaza kidogo, usiongee, sikiliza nyuma kuna nani anauza nini.

Akikuambia mtandao wa Kanada leo ni mbaya, niandikie palepale. Nitakuja Kampemba na mama buko wangu. Yeye bado anadai petroli yake.